Mgeni akikuuliza "boma" ni nini

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kuongoza watalii, swali hili huliepuki. Ukitoka Moshi kwenda Arusha lazima upite Bomang'ombe, mgeni asome kibao, aulize.

Usijibu kama nilivyokuwa nikijibu mimi. Miaka miwili nzima nilisema BOMA ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza, eti idara ya Waingereza ya kutawala ng'ambo. Niliipata kwa dereva mwenzangu, na ilikuwa inachekesha wageni. Siku moja tuko Arusha, mbele ya lile jengo la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya elimu viumbe, babu mmoja akaniuliza kwa upole: ikiwa neno ni la Waingereza, mbona Wajerumani waliita jengo hili Boma, na Waingereza walifika hapa 1916? Nikabaki natazama viatu vyangu.

Kwa hiyo anzia kwenye miiba. Ukifika umasaini, simamisha gari mbali kidogo, omba ruhusa, kisha mwonyeshe mgeni ule uzio wa matawi ya migunga yaliyorundikwa, miiba ikitazama nje. Hilo ndilo boma: kitu kinachozunguka na kuzuia, awe simba au mwizi. Ndani kuna nyumba, na katikati ng'ombe hulala. Mahali pale wanapolala ng'ombe ni zizi. Wageni wengi, na hata waongozaji, huyachanganya haya mawili. Zizi ni la mifugo tu. Boma hulinda mifugo pamoja na watu wake. Wamasai wenyewe husema enkang', basi litaje na hilo, wenyeji watafurahi.

Akishaona miiba, maana nyingine zinajifungua zenyewe. Uzio wa kujikinga ukijengwa kwa mawe unakuwa ngome. Wajerumani walipojenga vituo vyao vyenye kuta nene, watu wakaviita maboma. Bwana mkubwa alipokaa humo na daftari la kodi, "kwenda boma" ikawa ni kwenda serikalini. Tarime wana kata ya Bomani hadi leo, na Malawi "boma" ni serikali yenyewe.

Mgeni mbishi akirudia hadithi ya herufi (yupo, kaisoma mahali), mpe Stanley, yule msafiri Mzungu wa karne ya kumi na tisa. Kitabu chake cha safari ya kuvuka Afrika kilitoka 1878, na mna maboma ndani yake, ndama wakilia. Wakati huo hapakuwa na utawala wa Mwingereza wala Mjerumani huku kwetu Tanzania Bara.

Ila jiandae kwa swali la mwisho, maana hili hawalisomi popote. Watakusikia ukiongea na fundi kwenye simu: "Boma limeisha, bado bati." Waeleze kwamba Tanzania nyumba iliyosimama kuta bila paa nayo ni boma, ndiyo maana redioni tunasikia habari za kukamilisha maboma ya madarasa. Ni kuta zilizozunguka tu, hakuna kingine. Mimi langu lina mwaka wa sita, na majirani wamekwisha anza kufungia mbuzi humo.