Hadithi nzuri ya shule utaijua kwa somo lake

Vitabu na filamu za shule ni vingi, ila ndani ya vingi shule yenyewe haipo. Utakuta sare, kengele, bweni na mapenzi ya chinichini, lakini hakuna anayefundishwa kitu. Mimi ni mwalimu, na ninapomchagulia mtu cha kusoma au kutazama, kipimo changu cha kwanza ni kipindi kinachoendelea darasani. Fungua kitabu katikati, au sogeza filamu hadi nusu. Mwalimu anafundisha nini? Nani hajaelewa? Nani anabisha? Ukikosa majibu, tafuta kingine.

Entre les murs, filamu ya Kifaransa ya Laurent Cantet iliyoshinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes mwaka 2008, inafaulu kipimo hiki vizuri sana. Anayeigiza mwalimu ni François Bégaudeau, ambaye aliwahi kufundisha kweli, na kitabu kilichozaa filamu hiyo ni chake. Tazama pale anapoandika ubaoni sentensi ya mfano yenye mtu anayeitwa Bill. Wanafunzi wanamkatiza: kwa nini kila mara Bill, kwa nini asitumie majina kama ya kwao? Somo la msamiati linageuka ghafla kuwa mjadala wa nani anahesabiwa katika darasa lile. Mwalimu yeyote atakwambia maswali ya namna hiyo hayangoji ratiba.

Kisha angalia hadithi inatazamwa kwa macho ya nani. Ikiwa ni ya mtoto, inapaswa kujua njaa, baridi na aibu za mtoto. Katika Jane Eyre, kitabu cha Charlotte Brontë cha 1847, kifungua kinywa cha kwanza cha Jane shuleni Lowood ni uji ulioungua, na wasichana wanaondoka mezani bila kuushiba. Brontë alikuwa anaijua shule ya aina hiyo: dada zake wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, waliugua wakiwa shuleni na wakafariki mwaka 1825. Ukiwa na haraka, soma sura za Lowood peke yake. Zinatosha kabisa.

Ikiwa macho ni ya mwalimu, kuwa mwangalifu. Zipo filamu nyingi ambamo mwalimu mmoja anaokoa darasa zima kwa hotuba, na wanafunzi wanabaki kupiga makofi tu. Mimi hizo sizipendekezi. The First Grader ya 2010 napendekeza bila kusita, kwa sababu mwanafunzi ndiye anayesukuma kila kitu. Ni kisa cha kweli cha Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya Kenya kufuta karo za shule za msingi mwaka uliotangulia. Mzee yule anakuja getini amevaa kaptura na soksi ndefu, maana ameambiwa shule ina sare.

Kitabu chenye filamu, anza na kitabu. Matilda ya Roald Dahl ilichapishwa 1988, na filamu ya 1996 ikaihamishia hadithi Marekani. Msomaji aliyekwisha kumjenga mwalimu mkuu yule wa kutisha kichwani mwake hufurahia kumlinganisha na wa kwenye skrini.

La mwisho ni nani wa kutazama naye. Tafuta mtu ambaye si wa rika lako, na muanze na Where Is the Friend's House? ya Abbas Kiarostami, ya 1987. Haifiki saa moja na nusu. Ahmad anafika nyumbani na kugundua amebeba daftari la mwenzake, Nematzadeh, kwa kuwa madaftari yao yanafanana. Mwalimu ameshaonya kwamba Nematzadeh akiandika tena kazi nje ya daftari, atafukuzwa. Hivyo Ahmad anakimbilia kijiji cha pili kulirudisha, na kila mtu mzima anayekutana naye njiani ana neno la kumwambia, ila wachache mno wanaomsikiliza.

Simamisha filamu pale mwanzoni, mara tu mwalimu anapochana karatasi za Nematzadeh na mtoto anaanza kulia. Uliza: kosa ni la nani? Mtoto atamtetea mtoto mwenzake papo hapo. Mtu mzima mara nyingi huanza kwa kueleza umuhimu wa nidhamu. Waache wabishane mpaka watosheke, ndipo uiwashe tena.