Namna ya kumshawishi ndugu yako aende kwa mnasihi (mtaalamu wa kumsikiliza mtu na kumshauri)

Kwanza kabisa maneno kama "akili" na "mwanasaikolojia" yaache nyumbani. Mimi nilikosea hapo, kaka angu alipunguzwa kazini akawa hapati usingizi, saa nane usiku unamkuta sebuleni tv imewashwa sauti imezimwa, kakaa tu, nikamwambia kaka twende kwa mwanasaikolojia, akaniangalia akasema "kwani mi nimeshakuwa wa Milembe?" na wiki nzima hatukuongea. Ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma ipo tangu 1927 na mpaka leo mtaani jina lake ni tusi. Hata "ushauri nasaha" angalia unavyolitumia, watu wa umri wetu tumelizoea kwenye vituo vya kupima ukimwi, mtu akiskia nasaha anawaza majibu ya damu.

Anza na kitu ambacho hawezi kubisha. "Kaka hulali, na juzi umemfokea mtoto kisa kijiko." Basi, nyamaza, mwache aongee. Halafu ndo unamwambia kuna mtu wa kuzungumza naye, hana undugu na sisi, maneno hayapeleki popote labda tu kama uhai wa mtu uko hatarini. Kwa wanaume hiyo ya siri ndo kila kitu, maana ukimwambia mjomba leo kesho ni kikao cha ukoo.

Akisema hayo mambo ya wazungu, mkumbushe mwari ana somo wake wa kumfunda na ndoa ikiyumba wanaitwa wazee, kuongea na mtu wa pembeni tumekuta. Zimbabwe kuna daktari anaitwa Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza kufundisha mabibi wa mtaani wakae kwenye mabenchi nje ya kliniki wawasikilize watu, na utaratibu huo ukafika mpaka Zanzibar. Na kama ni mtu wa dini usishindane nae, sala iendelee, si ndivyo anavyomeza dawa ya malaria huku anaomba?

Simu kwa mnasihi piga wewe. Uliza amesomea nini, bei gani, siri inakaaje. Hospitali za rufaa pia unaweza kuulizia, Muhimbili wana idara yao kabisa ya afya ya akili. Mwambie kaka kabla kwamba kikao kinachukua kama saa moja hivi, ataulizwa analalaje, anakulaje, nyumbani kukoje. Mara moja haitoshi, ajipe hata mara nne. Wa kwanza tuliyempata alimhubiria kaka saa nzima kuhusu uvivu, tukabadilisha, na nyie badilisheni msione aibu.

Ila akitamka "bora nife" usimwambie aache ujinga. Muulize wazi kama anawaza kujiua, kuuliza hakumpandikizii wazo, usimwache peke yake, toa sumu ya panya na madawa ndani, na hospitali ni siku hiyo hiyo hamna kusubiri.

Siku ya kwanza msindikize ukae nje, na akitoka usimuulize amekwambiaje, najua inawasha, usimuulize. Mi nilimnunulia kaka juisi ya miwa tukapanda daladala kimya mpaka nyumbani. Siku ya tatu tunamenya viazi akasema mwenyewe, "yule mama kaniuliza mara ya mwisho nililia lini."