SOMO: Namna ya kuombea jumuiya yenu ruzuku ya wakfu wa eneo, kwa masomo ya watoto na maduara ya uponyaji (Michigan)

Wakuu, salaam.

Swali la "jumuiya yetu inapataje zile pesa za wakfu" limeulizwa humu mara nyingi mpaka majibu yangu yameanza kuwa makavu, na anayeuliza kwa mara ya kwanza hana kosa. Naliandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Somo linawahusu hasa walioko Michigan Magharibi: Grand Rapids, Kalamazoo, Battle Creek. Wa majimbo mengine, utaratibu unafanana. Ada na tarehe za jimbo ndizo zitabadilika.

Wakfu wa eneo ni mfuko wa kudumu wa watu wa sehemu moja. Mtaji unawekezwa, na kinachogawiwa kila mwaka ni sehemu ndogo tu ili mfuko usife. Wa kwanza ulianzishwa Cleveland mwaka 1914 na mwanabenki Frederick Goff, aliyeona fedha za wosia zikikwama kwa sababu masharti ya marehemu yamepitwa na wakati. Grand Rapids wakapata wa kwao 1922, Kalamazoo 1925. Usiuchanganye na Wakfu wa W.K. Kellogg wa Battle Creek, wa mwaka 1930. Huo ni wa mtu mmoja, tajiri wa kiwanda cha nafaka, na unafanya kazi hadi nje ya nchi. Ila msamiati wa "uponyaji" mtakaoukuta kwenye fomu za eneo asili yake ni huko. Mwaka 2016 Kellogg walizindua mpango wa Ukweli, Uponyaji wa Kirangi na Mageuzi, ambao Dkt. Gail Christopher ndiye aliyeubuni, na Januari 2017 wakaanzisha Siku ya Kitaifa ya Uponyaji wa Kirangi. Huwa ni Jumanne, siku moja baada ya sikukuu ya Martin Luther King. Kalamazoo mpango huo ulipewa makao ndani ya wakfu wa eneo.

Hatua sasa.

1. Angalia kaunti. Kalamazoo ni kaunti ya Kalamazoo, Grand Rapids ni Kent, Battle Creek ni Calhoun. Wanaohudumiwa wawe ndani ya kaunti ya wakfu unaouomba. Ofisi yenu ilipo haina uzito huo.

2. Uhalali. Mnahitaji hadhi ya 501(c)(3), yaani ya shirika lisilo la faida lililosamehewa kodi, au shirika mlezi lenye hadhi hiyo litakalopokea fedha kwa niaba yenu. Jumuiya yenye mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka na mali isiyozidi dola 250,000 kwa kawaida hutumia fomu 1023-EZ, ada dola 275. Fomu ndefu ya 1023 ni dola 600. Namba ya mwajiri, EIN, hutolewa bure na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Anayewatoza pesa kwa namba hiyo anawala. Mkishapata hadhi, kila mwaka jazeni 990-N, taarifa fupi kwa IRS, kazi ya dakika kumi, kabla ya Mei 15 kama mwaka wenu wa fedha unaisha Desemba. Mkiruka miaka 3 mfululizo hadhi inafutika yenyewe, na barua ya kuwajulisha huenda kwenye anwani ya mwenyekiti aliyehama zamani. Jimbo nalo linataka taarifa ya mwaka kabla ya Oktoba 1, dola 20.

3. Piga simu kwa afisa wa miradi kabla ya kuandika chochote. Robo saa inatosha. Uliza mambo matatu: mzunguko wa maombi unafunguliwa lini, ukomo wa ombi ni kiasi gani, na mwaka huu wanasukuma nini zaidi.

4. Chagueni jambo moja. "Tutasaidia elimu, vijana, akina mama, afya na utamaduni" haipiti. "Watoto 20 wa darasa la 3 hadi la 5, masomo ya jioni siku 2 kwa wiki, wiki 12, pamoja na maduara 4 ya wazazi wao na wazazi wenyeji wa shule hiyohiyo" inapita, kwa sababu msomaji anauona ukumbi na anahesabu viti.

5. Duara. Hapa niliwahi kuharibu, kwa hiyo nisomeni taratibu.

Duara la uponyaji si semina wala mkutano wa hadhara, na kamwe lisigeuzwe sherehe ya jumuiya yenye spika na pilau. Ni watu 10 hadi 14 kwenye viti vilivyopangwa mduara, bila meza katikati, kwa saa mbili na nusu. Wawezeshaji ni WAWILI, wa rangi tofauti, waliofundishwa kazi hiyo. Mmoja peke yake, hata awe hodari vipi, atageuka mhadhiri, na nusu ya watu watahisi wameitwa kushtakiwa. Mnaanza na makubaliano: yasemwayo hapa hayatoki, hakuna kumkata mtu, ruhusa kupisha zamu. Kisha swali jepesi kwa watu wawiliwawili, kwa mfano: "Nani alikufanya ujione umekaribishwa mji huu, na alifanya nini hasa?" Dakika 4 kila mmoja, mwenzake anasikiliza tu. Ndipo mnarudi kwenye mduara mkubwa, jiwe likizunguka mkononi, mwenye jiwe ndiye mwenye zamu. Swali zito la rangi msiliweke kabla ya duara la pili.

Onyo la kwanza: UKALIMANI. Ukalimani wa kupokezana, mtu anasema kisha mkalimani anarudia, unakula muda mara mbili. Duara la saa mbili na nusu linakuwa la saa tano, na saa ya tatu wenyeji wameanza kutazama simu. Kuna njia mbili zinazofanya kazi: duara la kwanza liwe la Kiswahili kitupu ili watu wazoee mtindo, au mkalimani anong'one nyuma ya watu wasiozidi watatu. Onyo la pili: mtoto asiwe mkalimani wa mzazi wake. Mzazi hatasema aliyoyaona kambini Nyarugusu wala njiani mbele ya binti yake wa miaka 13, na binti akiyasikia atayabeba. Onyo la tatu: msirekodi, hata kwa "kumbukumbu ya ripoti". Simu moja ikiinuliwa, duara limekufa.

6. Bajeti. Mfano ulio kamili, bei mbadilishe kwa mji wenu:

Walimu wasaidizi 2, saa 2, siku 2, wiki 12, kwa dola 18: 1,728
Wawezeshaji 2, maduara 4, kwa dola 200: 1,600
Mkalimani saa 3, maduara 4, kwa dola 45: 540
Chakula watu 14, maduara 4, kwa dola 12: 672
Walezi wa watoto 2, saa 3, maduara 4, kwa dola 16: 384
Daftari na kalamu: 44
Jumla ya kazi: 4,968

Shirika mlezi likikata asilimia 8, msizidishe 4,968 kwa 1.08. Gawanyeni kwa 0.92. Inatoka 5,400 kamili. Wakikata 432 yao, mnabaki na 4,968. Ukizidisha kwa 1.08 unaomba 5,365.44, wanakata, na unapungukiwa dola 31.80. Ndogo, lakini ndiyo itakayomfanya mweka hazina atoe mfukoni.

Mstari wa walezi wa watoto msiufute ili bajeti "ionekane nafuu". Bila huo akina mama hawaji, mnabaki na duara la wanaume sita.

7. Barua za kuungwa mkono. Mbili zinatosha. Moja iwe ya shule, na itaje ukumbi na siku.

8. Tumeni siku tatu kabla. Mitandao ya maombi hulemewa saa za mwisho.

9. Ripoti. Risiti zote kwenye bahasha moja, mahudhurio kwa idadi bila majina ya waliokaa duarani, na kilichoshindikana mkiseme. Maafisa huamini ripoti yenye jambo lililokwama kuliko ile inayong'aa kote.

MASWALI YA WANACHAMA

Bwana Mipango: Mkuu somo zuri. Nitumie link ya kuombea.

Mwandishi: Ya kaunti gani? Ndiyo maana hatua ya 1 ikawekwa ya kwanza.

Bwana Mipango: Yoyote yenye pesa nyingi.

Mwandishi: Hiyo haipo.

Kibatari: Je ni lazima tuwe na 501c3?

Mwandishi: Hatua ya 2, sentensi ya kwanza.

Mama Furaha: Asante kwa somo. Nina swali la mkalimani. Tulimleta kijana wa Dar, Kiingereza chake kizuri sana, lakini wazee wetu wa Fizi, Congo, walikuwa wanamwangalia tu. Tatizo ni nini?

Mwandishi: Mama, umegusa jambo ambalo fomu nyingi hazilijui. Wanaandika "Kiswahili" kana kwamba ni kimoja. Mzee wa Fizi akisema "leta" huenda anamaanisha serikali. Kijana wa Dar anasikia "lete". Akisema mtoto yuko "ku masomo" anamaanisha shule yenyewe. Na kijana akijibu kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, mzee anajiona yuko mbele ya karani. Kwenye ombi andikeni "Kiswahili cha Congo" waziwazi. Mpeni mkalimani nusu saa ya kuzungumza na wazee kabla ya duara, tena mumlipe nusu saa hiyo; kwenye bajeti yangu saa 3 ni za duara la saa mbili na nusu kwa sababu hiyo. Na asiwe shemeji wala jirani wa mtu yeyote aliyekaa pale.

Mama Furaha: Nimeelewa. Mungu akubariki kaka.

Mtu wa Uvira: Ndugu, sisi tulikimbia vita. Mambo ya weusi na weupe wa Marekani ni ugomvi wao wa zamani. Kwa nini tukae kwenye duara la ugomvi usio wetu? Siulizi kwa dharau.

Mwandishi: Halina dharau, na wenyeji weusi nao wanajua tunaliuliza, ndiyo maana wengine wanatuona tunawakwepa. Anza na nyumba. Miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji, na mitaa ya weusi ikapakwa rangi nyekundu kuonyesha kuwa ni hatari kukopesha. Grand Rapids na Kalamazoo zina ramani zake. Thamani ya nyumba ikadumaa, utajiri wa familia haukujengeka, na mitaa ya namna hiyo mara nyingi ndiyo yenye kodi ya pango ambayo mgeni anaimudu. Hukuwepo walipoichora, lakini unaweza kuwa unalala ndani yake.

Kisha kumbuka Aprili 4, 2022, Grand Rapids. Patrick Lyoya, mkimbizi kutoka Congo, miaka 26, alipigwa risasi na polisi baada ya kusimamishwa akiendesha gari, akafa. Pale barabarani hakuna aliyeuliza kwanza kama ni Mkongo au mwenyeji. Kwenye duara sema hilohilo ulilosema hapa, kwamba unauona ni ugomvi wa wengine. Litafungua mazungumzo kuliko hotuba yoyote.

Mtu wa Uvira: Hilo la ramani sikulijua. Naweza kuziona wapi?

Mwandishi: Zimewekwa mtandaoni bure na vyuo vikuu. Tafuta kwa jina la mji na neno HOLC, kifupi cha jina la shirika lile lililozichora. Chapisha ya mji wenu kwa karatasi kubwa, ibandike ukutani duara la tatu. Watu watainuka wenyewe kutafuta mtaa wao kwa kidole.

Jembe la Kazi: Mbona mnazunguka? Andika tu "kwa watoto weusi pekee", hizo pesa si ni za uponyaji wa weusi?

Mwandishi: Andika, urudishiwe. Juni 2024 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 11 iliuzuia mfuko mmoja wa Atlanta, Fearless Fund, usiendelee na shindano la ruzuku lililokuwa la wanawake weusi tu, na Septemba mwaka huohuo mpango ukafungwa. Michigan haiko chini ya mahakama hiyo, lakini wanasheria wa wakfu kila mahali wameisoma. Taja shule, mtaa, lugha ya nyumbani, kipato. Watoto ni walewale.

Jembe la Kazi: Kwa hiyo tunaogopa.

Mwandishi: Tunajaza fomu. Kuogopa ni suala lingine.

Dada Zawadi: Nje ya mada kidogo. Binti yangu kapata dola 2,000 za masomo kutoka wakfu wa eneo, chuo kikapunguza msaada wake kwa kiasi hichohicho. Ni halali?

Mwandishi: Inatokea sana, na mara nyingi ni halali. Dada, aandikie ofisi ya msaada wa fedha chuoni aombe wapunguze kwanza mkopo au kazi ya chuoni, si ruzuku. Vyuo vingi hukubali ukiomba kwa maandishi. Wakikataa, aombe wakfu uahirishe malipo hadi muhula ambao kuna pengo. Jingine: sehemu inayolipa ada na vitabu haitozwi kodi, inayolipa chumba na chakula inatozwa.

Kibatari: Na ile Ahadi ya Kalamazoo si ndiyo wakfu huohuo?

Mwandishi: Hapana, lakini swali zuri hili. Ahadi ilitangazwa Novemba 2005, inalipwa na wafadhili wasiojulikana. Inawahusu wahitimu wa shule za umma za Kalamazoo: aliyeanza chekechea hulipiwa ada yote, aliyeingia darasa la 9 asilimia 65. Kwa hiyo mwenye mtoto wa darasa la 8 anayefikiria kuhamia mji huo, ahame kabla shule haijafunguliwa.

Mama Furaha: Chakula tunaweza kupika wenyewe? Dola 12 kwa mtu ni nyingi kwa ugali na sombe (kisamvu).

Mwandishi: Mnaweza, ila risiti ziwe za dukani, na mpishi alipwe kwa mstari wake na asaini. Uliza pia kanisa au shule kama jiko lao linaruhusu kupikia au kupasha tu. Na sombe muipike jana yake; harufu ya samaki wakavu kwenye chumba cha duara itashika zamu kabla ya jiwe.