Kabla ya kumwaga mahindi: kulisha kulungu kwenye ardhi ya kuwindia inayofurika

Mwenye ardhi ya kuwindia kando ya mto Mississippi akiona maji yanapanda na kulungu wamebanana juu ya kijituta, jambo la kwanza linalomjia ni kupakia magunia ya mahindi kwenye boti awapelekee. Namwelewa kabisa. Ila magunia hayo yanaweza kuwaua wale wale anaotaka kuwaokoa, ndiyo maana uamuzi wa kulisha au kutolisha unapaswa kufanywa mapema, ardhi ikiwa bado kavu.

Anza na maji yenyewe. Tembea shambani wakati wa kiangazi utazame mashina ya miti: utaona mstari wa tope lililokauka, rangi ya kijivu, juu yake gome safi na chini yake gome lililopauka. Hapo ndipo maji yalifika mara ya mwisho. Pima urefu wake kutoka ardhini, kisha ulinganishe na kipimo cha mto kilicho karibu nawe, kwani Huduma ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani hutangaza viwango vya mito pamoja na utabiri wake. Ukishajua kwamba mto ukifika kiwango fulani bonde lako linaingia maji, unajua pia una siku ngapi za kuondoa vifaa vya kulishia.

Jua vilevile ni mafuriko ya aina gani yanayokupata. Mwaka 2011 mto wenyewe ulijaa na kufika kilele chake katika mji wa Vicksburg, jimbo la Mississippi, mwezi Mei. Mwaka 2019, katika bonde la mto Yazoo, jimbo hilo hilo, maji ya mvua yalikosa pa kutokea yakakaa tangu majira ya baridi hadi kiangazi. Kulungu ni mwogeleaji hodari, na maji ya siku chache huyakimbia mwenyewe. Maji ya miezi ni habari nyingine, maana hata majani ya pale alipokimbilia huisha.

Pili, sheria. Piga simu idara ya wanyamapori ya jimbo lako, usitegemee alichokwambia jirani, kwa sababu kanuni hubadilika kila msimu na hutofautiana hata kati ya kaunti mbili zinazopakana. Louisiana, kwa mfano, hufunga uwindaji wa kulungu katika maeneo kadhaa pale kipimo cha mto kinapofikia kiwango kilichowekwa. Na kama unawinda bata pia, kuna mtego ambao wengi hawauoni: mahindi ya kulungu yakifunikwa na maji, bata hushuka kuyala, na sheria ya shirikisho inakataza kuwinda ndege wanaohama mahali penye chambo. Hata ukiyaondoa yote, eneo hilo huhesabiwa bado lina chambo kwa siku 10.

Sasa nikae kidogo kwenye tumbo la kulungu, kwa sababu hapa ndipo nia njema inapoharibika. Kulungu hucheua kama ng'ombe. Chakula chake humeng'enywa na vijidudu wanaoishi kwenye tumbo lake la kwanza, na vijidudu hao hujipanga kulingana na anachokula: machipukizi, majani, vijiti laini. Mpe ghafla rundo la mahindi akiwa na njaa, wanga ule unachachuka haraka, tumbo linajaa asidi, ukuta wake unaungua, na mnyama anaweza kufa kwa siku moja au mbili huku tumbo likiwa limejaa. Vijidudu hao huhitaji wiki mbili au tatu kuzoea chakula kipya. Kwa hiyo kama hukuwa ukilisha kabla ya mafuriko, usianzie katikati yake. Kama ulikuwa ukilisha kihalali, endelea kwa kiasi kile kile, usiongeze kwa huruma.

Kisha mahindi yenyewe. Tumbukiza mkono katikati ya gunia. Ukisikia joto, au punje zimegandana, au mkono ukatoka na vumbi la kijani lenye harufu ya uvundo, gunia hilo ni la kutupa. Unyevu na joto huzalisha kuvu wa sumukuvu, ambayo huharibu ini la kulungu na ni hatari zaidi kwa bata mzinga na kwale wanaookota masalia. Kikomo cha sumukuvu Marekani kwa mahindi ambayo haijulikani yatamlisha mnyama gani ni sehemu 20 kwa bilioni, lakini mahindi ya kunenepeshea ng'ombe wa nyama huruhusiwa hadi 300. Soma lebo, isiyosema kitu usiinunue. Na kamwe usimwage chini kwenye ardhi yenye unyevu.

Kuna pia ugonjwa wa kukondesha kulungu unaosababishwa na prioni, yaani protini iliyoharibika umbo, uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967. Hauna tiba, na prioni hubaki kwenye udongo kwa miaka. Jimbo la Mississippi liliupata mara ya kwanza mwaka 2018, tena katika kaunti ya Issaquena, nchi ya mabonde hasa. Mafuriko tayari yamewasukuma wanyama pua kwa pua. Ukiwawekea na pipa moja la chakula, umewakusanyia mate yao yote mahali pamoja. Kwangu mimi hii peke yake inatosha kutolisha kabisa katika kanda ambako ugonjwa umeonekana, hata kabla sheria haijakataza.

Kama bado utalisha, weka vifaa juu ya mstari wa tope uliopima, mbali na tuta la kuzuia mafuriko na barabara, na zungushia uzio wa kuzuia nguruwe mwitu, ambao kulungu mkubwa anauruka. Mawe ya chumvi ya kulambwa na kulungu yaondoe mapema.

Lakini pesa ile ile ingefanya kazi zaidi kwenye sehemu yako iliyoinuka. Kata baadhi ya miti iliyobanana ili jua lifike chini na machipukizi yaote, acha mialoni inayozaa vizuri, panda klova nyeupe, mmea wa malisho. Hicho ndicho chakula ambacho tumbo la kulungu tayari linakijua, nacho hakivundi.

Maji yakishuka, usirudishe pipa pale pale kwenye tope. Matope ya ukingoni ndiyo mazalio ya usubi, wanaoeneza ugonjwa wa kutokwa damu mwishoni mwa kiangazi mpaka baridi kali ya kwanza iwaue. Ukikuta kulungu waliokufa karibu na maji miezi hiyo, usiwaguse. Ripoti kwa idara siku hiyo hiyo, mzoga ukiwa bado unafaa kupimwa.