Namna ya Kutengeneza na Kuuza Daftari la Jalada la Ngozi

Mwezi uliopita mpwa wangu, anayesoma chuoni hapa Bukavu, aliniletea daftari la kwanza alilolijalidi kwa mikono yake. Ngozi ilikuwa safi na mshono ulikuwa umenyooka, lakini kila tulipoliweka mezani jalada lilijiinua pembeni kama sambaza, dagaa wa ziwa letu, iliyosahauliwa juani. Alikuwa ameshaamua kwamba aliuziwa ngozi mbovu. Nilimwonyesha kwamba kosa lilifanyika kabla hajaigusa ngozi, siku aliponunua karatasi na kukata kartoni. Kwa kuwa kosa hilo hilo liliwahi kuniharibia oda nzima, nimeandika hatua ninazozifuata, nikianza na vifaa na kumaliza na mnunuzi. Vipimo vyote ni vya daftari la ukubwa wa A5, yaani milimita 210 kwa 148, lenye kurasa 160.

Hatua ya kwanza: vifaa

Utahitaji kisu chenye wembe unaobadilishwa, rula ya chuma, ubao wa kukatia, msharasi mwembamba wa fundi viatu, sindano isiyo na ncha kali, uzi, nta ya nyuki, gundi nyeupe ya maseremala, kartoni ngumu ya milimita 2, karatasi na ngozi. Mkasi uache nyumbani, kwa maana hakuna mkasi unaokata kartoni ikanyooka. Kwa kukunja karatasi wengine hutumia mgongo wa kijiko. Mimi hutumia kipande cha ubavu wa ng'ombe nilichokisugua kwa msasa hadi kikawa laini, na sijaona sababu ya kukibadilisha.

Kuhusu uzi sina upole wowote. Uzi wa nailoni ambao mafundi viatu wanaupenda ni imara mno kwa karatasi: ukiuvuta unakata mkunjo kama msumeno, na fundo lake huteleza. Tumia uzi wa kitani ukiupata, au uzi mnene wa pamba, kisha uupitishe juu ya nta mara tatu au nne hadi ushike kidogo vidoleni.

Ngozi igeuze kwanza uitazame upande wa nyuma. Ukiona kitambaa kilichofumwa, hiyo ni plastiki iliyopakwa rangi, hata kama muuzaji anaapa. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi laini zisizo na mpangilio. Kisha tazama ukingo uliokatwa. Ngozi iliyolainishwa kwa chumvi za kromu mara nyingi huwa na rangi ya kijivu au samawati ndani, ni nyororo na haiogopi sana maji. Iliyolainishwa kwa maganda ya miti huwa ya kahawia hadi ndani, hunywa tone la maji na kuacha doa jeusi kwa muda, nayo ndiyo inayopokea muhuri wa herufi. Mteja akitaka jina lake ligongwe juu ya jalada, usimwahidi kabla hujajua umeshika ngozi ipi. Unene wa milimita 1.2 hivi unafaa. Mimi huenda kwa mafundi viatu wa soko la Kadutu na kuomba vipande vilivyobaki, kwa sababu daftari moja linakula sentimita 36 kwa 25 tu, yaani pungufu kidogo ya futi moja ya mraba. Koti kuukuu la ngozi kutoka kwenye mitumba nalo hutoa majalada mawili au matatu ukikwepa mishono.

Hatua ya pili: ulalo wa karatasi na kartoni

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, na ninaomba msomaji asiruke.

Karatasi inapotengenezwa mashineni, nyuzinyuzi zake nyingi hulala upande mmoja, ule ambao mashine inaelekea; huo ndio ninaouita ulalo. Unyevu ukiingia, kila unyuzi huvimba unene zaidi kuliko unavyorefuka. Kwa hiyo karatasi nzima hupanuka kukingama na ulalo wake, na ikikauka hujivuta kwa upande huo huo. Kartoni hufanya vivyo hivyo. Kanuni inayotoka hapo ni moja: katika daftari, kila kitu, yaani kurasa, karatasi za kufunikia ndani, kartoni mbili za jalada na kipande cha mgongoni, lazima kiwe na ulalo unaokwenda sambamba na mgongo, kutoka juu hadi chini.

Sikuijua kanuni hiyo nilipopokea oda ya madaftari 24 ya semina moja, katikati ya msimu wa mvua, ambao kwetu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Nilinunua karatasi za A4 za kawaida, nikazikunja katikati, na ili nisipoteze kartoni nilikata vipande vingine kwa wima na vingine kwa mlalo kama seremala anayebana ubao. Asubuhi yake kurasa zilikuwa na mawimbi karibu na mgongo, jalada la mbele limejikunja upande huu na la nyuma upande ule. Nililaumu gundi, nikabadilisha gundi. Nililaumu uzito mdogo, nikaongeza mawe. Nililaumu ngozi, nikabandua majalada sita na kuyaharibu kabisa. Usiku wa tatu mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha uchapaji alipita kununua kaye, yaani daftari la shule, ya mjukuu wake, akachukua karatasi yangu, akaichana mara mbili mbele ya macho yangu, akaniuliza kwa nini mpasuko mmoja umenyooka na wa pili umepinda. Kazi ya wiki mbili ikapata jibu kwa dakika moja.

Njia za kutambua ulalo ni hizi. Ya kwanza ni ya mzee: chana karatasi kwa pande zote mbili, na mpasuko ulionyooka ndio unaofuata ulalo. Ya pili ni kuikunja bila kuibana, ukiisukuma kwa kiganja. Upande unaokubali kwa ulaini ni ule ambao mkunjo wake uko sambamba na ulalo. Kwa kartoni njia hii ndiyo bora, kwa kuwa kartoni haichaniki. Ishike kwa mikono miwili, ipinde kidogo huku na kule, utasikia upande mmoja unakaidi. Ya tatu ni kukata mraba mdogo wa karatasi na kulowesha uso mmoja: utajikunja kama bomba, na urefu wa bomba hilo ndio ulalo. Baadhi ya watengenezaji hupigia mstari, kwenye lebo ya pakiti, kipimo kinachofuata ulalo, lakini mimi huchana karatasi hata hivyo, kwa sababu nimewahi kununua pakiti mbili zenye sura moja na ulalo tofauti.

Sasa tatizo lenyewe. Karatasi nyingi za A4 za ofisini zina ulalo unaofuata upande mrefu wa milimita 297. Ukiikunja katikati ili upate A5, ulalo unakingama na mgongo, na hapo umeshakosea. Dawa ni kununua karatasi ya A3 ambayo ulalo wake unafuata upande mrefu wa milimita 420, kuikata katikati ya upande huo, na kupata vipande viwili vya ukubwa wa A4 vyenye ulalo unaofuata upande mfupi. Ukivikunja, ulalo unasimama sambamba na mgongo. Rimu moja ya A3 yenye karatasi 500 inatoa vipande 1,000, na kwa kuwa daftari moja linahitaji vipande 40, rimu hiyo inatosha madaftari 25. Wachapaji wenye mashine kubwa ya kukatia watakukatia rimu nzima kwa malipo madogo; usijaribu kuikata kwa kisu.

Asiyepata A3 asikate tamaa, ila abadilishe ukubwa: akate A4 ya kawaida katikati ya upande mrefu, akunje kila nusu, naye atapata daftari dogo la mfukoni la A6 lenye ulalo sahihi. Daftari hilo linauzika vizuri kwa wanafunzi.

Jambo la mwisho katika hatua hii: pakiti ikifika, ifungue na uiache siku mbili katika chumba utakachofanyia kazi, juu ya ubao na si sakafuni, ili karatasi izoee hewa ya hapo kabla ya kushonwa. Karatasi iliyotoka katika duka kavu ikashonwa siku hiyo hiyo chini ya bati linalotoa jasho itabadilika ukiwa umeshamaliza kazi.

Hatua ya tatu: kukunja na kutoboa

Kunja karatasi nne nne pamoja. Hicho ni kikunjo kimoja, nawe unahitaji vikunjo kumi. Viweke chini ya uzito usiku mzima. Toboa kila kikunjo matundu sita kwenye mkunjo, ukipima kutoka juu: milimita 15, 60, 75, 135, 150 na 195. Tumia kipande kimoja cha kartoni kama kipimo cha vikunjo vyote.

Hatua ya nne: kushona

Kata tepe mbili za kitambaa cha pamba zenye upana wa milimita 15, ambazo zitakaa kati ya tundu la pili na la tatu, na kati ya la nne na la tano. Ingia kwa tundu la kwanza kutoka nje, tembea ndani ya mkunjo, toka, zunguka tepe, ingia tena, hadi utoke tundu la sita. Kisha weka kikunjo cha pili juu yake na urudi. Mwisho wa kila safari, kuanzia kikunjo cha tatu, pitisha sindano chini ya mshono unaounganisha vikunjo viwili vya chini yake, uvute kuwe fundo. Vuta uzi ukiuelekeza sambamba na mgongo, kamwe usiuvute kuja kwako, kwa sababu utachana mkunjo. Usikate uzi wote kwa mara moja. Anza na mita moja na nusu, na ukiisha uunganishe upande wa ndani.

Ukimaliza, paka gundi kidogo mgongoni, ubandike kipande cha kitambaa chembamba kinachozidi sentimita 3 kila upande, uache ikauke.

Hatua ya tano: jalada

Kartoni mbili ziwe milimita 216 kwa 145. Kipande cha mgongoni kiwe na urefu wa milimita 216, na upana wake usiupige hesabu: pima unene wa vikunjo vilivyoshonwa, kwa sababu uzi huongeza unene na kila mtu huvuta kwa mkono wake. Acha nafasi ya milimita 8 kati ya mgongo na kila kartoni, ili jalada lifunguke. Ngozi izidi milimita 15 pande zote, na ukingo huo upunguzwe unene kwa kisu kikali upande wa nyuma, la sivyo pembe zitavimba.

Gundi ya viatu ina kishawishi chake, kwa sababu haina maji na hivyo haipindi kartoni. Mimi siitumii: ikishika haikuruhusu kusogeza ngozi, harufu yake haitoki, na baadaye hutia madoa ya manjano kwenye karatasi. Uji wa unga wa muhogo nao hushika vizuri, lakini wakati wa mvua huota ukungu na kuwaita mende. Gundi nyeupe, iliyopakwa nyembamba kwenye kartoni na si kwenye ngozi, ndiyo chaguo langu.

Elewa pia kwamba ngozi iliyobandikwa nje itaivuta kartoni kuelekea nje inapokauka. Karatasi ya ndani, inayounganisha kurasa na jalada, ndiyo inayoivuta irudi. Kwa sababu hiyo usimwonyeshe mteja jalada kabla karatasi ya ndani haijabandikwa. Ukishaibandika, weka karatasi kavu kati ya jalada na kurasa, funga daftari, libane kati ya mbao mbili chini ya mawe, ubadilishe karatasi hizo baada ya saa moja, kisha uliache kwa saa 24.

Hatua ya sita: kuuza

Bei isitokane na ile ya jirani. Tuseme ngozi imekugharimu dolari 4, na karatasi, kartoni, uzi na gundi dolari 2. Ukifanya kazi saa nne na kuithamini kila saa kwa dolari moja na nusu, tayari una dolari 12 kabla ya kuhesabu ngozi uliyoharibu. Anayeliuza kwa 10 anamlipa mteja ili alichukue. Taja bei kwa dolari, ukubali faranga kwa kiwango cha siku hiyo, na noti ya dolari iliyochanika hata kidogo uirudishe pale pale kwa adabu, kwa sababu hakuna atakayeipokea kwako.

Sikushauri kukodi meza sokoni mapema. Wanunuzi wangu wa kweli ni maharusi wanaotaka daftari la wageni, viongozi wa kwaya, na ofisi zinazotafuta zawadi mwezi wa Desemba. Wote hao huona picha kwenye simu kwanza. Piga picha asubuhi karibu na dirisha, daftari likiwa wazi, ili mshono uonekane. Uliza mapema kama anataka mistari, kwa sababu walimu karibu wote wanaitaka. Pokea nusu ya malipo kabla ya kukata ngozi, na malipo yote ikiwa jina litagongwa juu yake, maana daftari lenye jina la mtu mwingine halina mnunuzi wa pili.

Daftari linalokwenda Goma kwa meli lifungwe kwa karatasi kwanza, kisha kwa plastiki, lakini si kabla ya siku tatu tangu gundi ya mwisho ipakwe. Nililifunga moja siku iliyofuata, na mama aliyelipokea upande wa pili wa ziwa alinitumia picha ya ukungu wa kijani kwenye ukurasa wa kwanza. Nilimtengenezea lingine bila malipo.