Usichanganye kalsiamu naitreti na SA kwenye ndoo moja

Ndugu mkulima wa nyanya na hoho katika bonde la Lukuledi, kama unapitisha mbolea kwenye mipira ya matone, nisikilize kabla hujakoroga.

Kiangazi kimoja nyanya zangu zilianza kuoza kitako. Zinadai kalsiamu, nikasema, na kwa kuwa majani nayo yalikuwa yamepauka, nikaona nimalize kazi zote mara moja. Nikatia kilo moja ya kalsiamu naitreti na kilo moja ya SA (amonia salfeti, mbolea ya naitrojeni) kwenye ndoo ya lita 20. Mbolea hizi, kila moja kivyake, huyeyuka vizuri. Zilipokutana, maji yakawa meupe kama tui zito, kisha tope laini likatuama chini. Nilidhani ni vumbi la mfuko, nikamimina tangini. Baada ya siku chache matundu mengi yalikuwa yameziba, na mistari ya mbali na tangi ikanyauka nikiitazama.

Lile tope ni jasi, ileile inayochimbwa Makangaga, Kilwa. Kikemia mbolea hizi ni chumvi, na chumvi ikiyeyuka hugawanyika vipande vya aina mbili, vyenye chaji chanya na vyenye chaji hasi. Ndani ya ndoo vipande vya mbolea mbili hubadilishana wenzao: kalsiamu hukamatana na salfeti ya SA, na lita moja ya maji hubeba takribani gramu 2.5 tu za jasi. Inayozidi hushuka kama mashapo. Kwa vipimo vyangu vile, zaidi ya nusu kilo ya jasi hutengenezeka, na kalsiamu niliyoinunua kwa ajili ya nyanya huishia humo. Amonia na naitreti hubaki majini. (Salfa ya kupulizia mikorosho ni kitu kingine; ile haiyeyuki majini.)

Kwa hiyo kalsiamu naitreti ipe siku yake. Inaweza kwenda na urea au potasiamu naitreti, lakini iweke mbali na SA, magnesiamu salfeti, na mbolea za fosfeti kama DAP na MAP. Fosfeti ikikutana na kalsiamu nayo huganda. Ukilazimika kupitisha zote siku moja, pitisha ya kwanza, fungulia maji matupu mpaka yafike mwisho wa kila mpira, ndipo ulete ya pili.

Ukiwa na shaka, chukua chupa angavu, tia maji ya kisima chako na mbolea kwa uwiano uleule wa ndoo, tikisa, acha saa moja. Yakiwa na ukungu, usiyapeleke tangini.

Mipira ikishaziba kwa jasi, siki haisaidii. Mimi niliimaliza chupa nzima bure. Fungua ncha za mipira, sukuma maji kwa nguvu, safisha chujio, na matundu yasiyozibuka yabadilishe.

Wenye visima vya pwani, kwenye mawe ya matumbawe, muwe waangalifu zaidi. Tazama birika lako: likishika ukoko mweupe, maji yako tayari yana kalsiamu. DAP peke yake inaweza kuyachafua hata kama hujatia kalsiamu naitreti, hivyo DAP yako ifukie shimoni wakati wa kupanda, isipite kwenye matone.