Mtoto mchanga utampeleka kwa nani, daktari wa familia ama daktari wa watoto?

Ukijifungua tu, wiki hiyohiyo ya kwanza kila mtu ana lake la kukwambia. Jajja, yaani bibi, anataka mtoto aogeshwe kyogero, yale maji ya majani ya dawa, shangazi anapiga simu kutoka Kampala anasema mtoto asiguswe na mtu yeyote isipokuwa daktari wa watoto, jirani naye anasema hao ni wa kula pesa tu, mpeleke kwa musawo, mganga wa kilinika ya hapo barabarani. Mimi niko Walukuba hapa Jinja, nina watoto watatu, huko kote nimepita, na hii namwandikia yule mwenye mimba ya miezi saba ama nane aanze kutafuta sasa hivi, manake ukingoja mpaka mtoto ashikwe na homa saa sita usiku utaingia mlango wowote utakaoukuta na taa.

Kwanza tujue nani ni nani. Daktari wa watoto amesoma udaktari miaka 5, akafanya intanshipu mwaka mmoja, halafu akarudi shule miaka mingine 3 kusomea watoto peke yao. Daktari wa familia naye karudi shule vilevile, Makerere ama Mbarara, ila yeye kasomea nyumba nzima, mtoto, mama, baba mpaka babu. Kwa hiyo asikudanganye mtu ati huyu ni daktari kamili na yule ni nusu. Shida yetu Uganda ni kwamba wote wawili ni wachache, wengi wako Kampala na kwenye hospitali kubwa za rufaa, na ukiingia kilinika nyingi za mtaani anayekupokea ni nesi, afisa wa kliniki ama daktari wa digrii ya kwanza. Hao si watu wabaya hata kidogo, wengi ndio wameokoa watoto wetu, lakini ujue uko mbele ya nani. Uliza tu kwa heshima, "Musawo, samahani, wewe umesomea nini?" Aliyesoma hakasiriki. Daktari yeyote lazima awe amesajiliwa na baraza lao, UMDPC, na leseni ina mwaka wake, iangalie.

Sasa mimi nasema hivi: mtoto aliyezaliwa miezi imetimia, kilo mbili na nusu ama zaidi, ananyonya vizuri, huyo hahitaji daktari wa watoto kila siku. Anahitaji chanjo, kupimwa kilo, na mtu mmoja anayemjua. Chanjo ni bure helthi senta ya serikali: BCG na polio akizaliwa, halafu wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua miezi 9 na tena miezi 18, na tangu 2025 kuna ile ya malaria, miezi 6, 7, 8 na 18, kwenye wilaya zenye malaria nyingi. Kumlipa spesholisti kwa kazi hiyo ni kumaliza pesa ambayo utaitafuta siku mtoto akiugua kweli.

Cha kuangalia zaidi kuliko cheo ni anavyomshika mtoto. Wa pili wangu alikuwa na miezi minne, kifua kikambana, nikampeleka kilinika moja ya karibu, yule mtu hakuinuka hata kwenye kiti, aliniuliza ameanza lini, akaandika dawa ya kikohozi na sindano za siku tatu, nikalipa nikarudi nyumbani. Kesho yake asubuhi nikaenda helthi senta, nikamkuta afisa wa kliniki, dada mmoja mdogo tu, akaniambia mama mvue nguo zote. Akavua saa yake akaiweka mezani, akamwacha mtoto atulie mapajani mwangu, akawa anaangalia tumbo linavyopanda na kushuka, dakika nzima bila kusema neno. Sitini na mbili. Akanionyesha pale chini ya mbavu ngozi ilivyokuwa inaingia ndani kila akivuta pumzi, mimi nilikuwa nimeiona usiku kucha nikidhani ni kwikwi. Akaandika barua ya rufaa tukaenda Nalufenya, hospitali ya watoto hapa Jinja, siku hiyohiyo, akawekewa oksijeni. Yule dada hakuwa daktari wa watoto wala wa familia. Tangu hapo kipimo changu ni hicho, anayemwangalia mtoto bila kumvua nguo na hahesabu pumzi, simrudii, hata awe na vyeti ukuta mzima.

Na wewe mwenyewe jifunze kuhesabu, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Chini ya miezi miwili pumzi 60 kwa dakika ama zaidi ni hatari, miezi miwili mpaka mwaka ni 50, kuanzia mwaka mmoja ni 40.

Daktari wa familia ukimpata karibu, mimi ningemchukua, na sababu si bei. Yeye anaona nyumba. Hapa mtaani kwetu kuna mtoto alikuwa anakonda, anakohoa, amepelekwa huku na kule, mpaka daktari mmoja akauliza, nani mwingine anakohoa hapo nyumbani? Kumbe babu yake, wiki nyingi, na wanalala chumba kimoja. Ilikuwa TB. Mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi na mgonjwa wa TB anatakiwa apimwe, na akikutwa hana anapewa dawa ya kumkinga, lakini hilo litakumbukwa na mtu anayeuliza habari za babu. Tena na wewe mama atakuangalia, presha yako, uzazi wa mpango, na kile kilio cha usiku ambacho wengi wetu tunakificha.

Lakini kuna watoto ambao daktari wa watoto ni lazima, hapo usibane pesa. Aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia ama mdogo sana. Aliyegeuka njano ndani ya saa 24 za kwanza. Anayepata degedege. Anayetoka jasho na kuchoka akinyonya, huyo moyo uangaliwe. Ambaye kilo haziongezeki miezi miwili mfululizo. Anayevimba mikono na miguu na kulia ukimgusa, mpimeni selimundu, ile sikoseli, manake Uganda watoto kama 13 kwa kila 100 wanazaliwa wamebeba hiyo damu, na huku kwetu Busoga ni juu zaidi. Na kichwa kikiwa kinakua haraka usizunguke na maombi peke yake, mpeleke Mbale, hospitali ya watoto ya CURE, wale kazi yao ni hiyo.

Mtoto asiyenyonya kabisa, anayetapika kila kitu, aliyelegea haamki, ama yuko chini ya miezi miwili na joto limefika 37.5, huyo usichague daktari, nenda hospitali ya karibu saa hiyohiyo.

Na tafadhali, akiwa na homa na kuharisha watakuja watu kukwambia ni ebiino, yale wanayoyaita meno ya uongo, ati mpeleke kwa mzee ayang'oe. Hayo ni meno yake yenyewe bado hayajatoka, wanachokonoa ufizi na kitu kichafu, mtoto anatoka na damu na infekisheni juu ya ule ugonjwa aliokuwa nao. Daktari yeyote utakayemchagua, muulize anasemaje kuhusu ebiino, na akikubaliana nayo toka hapo.

Ukishapata wako, nenda mara moja kabla hujajifungua, uliza bei ya kumwona, wanafungua usiku ama vipi, na wakishindwa wanatuma wapi. Halafu weka mfuko mmoja nyuma ya mlango, kadi ya chanjo, thametomita, shuka, pesa ya boda isiyoguswa kwa sukari, na namba ya yule bodaboda anayekubali kuamka usiku, iandike kwenye karatasi kabisa manake simu huisha chaji.